Ndorobo wa Mpanda na Damu ya Tinde

Misunkumilo ni kata ya Manispaa ya Mpanda, na mtu anayekaa huko, hasa upande wa bwawa la Milala, hawezi kusahau kwamba mji huu ulikatwa ndani ya miombo. Msitu uko karibu. Vijana huingia na baiskeli kurina asali au kutafuta miti ya mizinga, hukaa siku kadhaa porini, wakarudi na madumu yao na mikono iliyovimba. Uvimbe mwingine ni wa nyuki. Mwingine ni wa ndorobo.

Vitabuni mdudu huyu anaitwa mbung'o. Huku kwetu magharibi, Tabora hadi Rukwa, tunamwita ndorobo. Haji kwa siri usiku kama mbu. Huja mchana kweupe, hufuata chochote kinachotembea, awe nyati, mtu au Land Cruiser, hupenda nguo nyeusi na za bluu iliyokoza, na akikuuma kupitia shati unaruka kama uliyechomwa sindano. Wengi wao hawana kitu ndani yao. Wachache wana kimelea kinacholeta malale, na malale ya upande wetu ni ya aina kali: homa, kichwa, viungo, kisha akili kuyumba, mtu kulala mchana na kukesha usiku, na asipotibiwa kifo ndani ya wiki au miezi. Malale ya Afrika ya Magharibi na Kongo huweza kumkaa mtu miaka. Ya kwetu haina subira.

Siku hizi vyuo vikuu vya Ulaya na Amerika vinajadili kwa bidii namna ya kuondoa ukoloni katika utafiti wa afya. Wanazungumzia nani awe mtafiti mkuu, jina la nani litangulie kwenye makala, fedha zipitie akaunti ya nani. Ni mambo ya haki na ninayaunga mkono. Lakini kwa misitu ya Mpanda jambo hili lina historia ndefu kuliko makala na akaunti, na mdudu huyu ndiye anayeibeba. Karibu kila kosa ambalo utafiti wa kikoloni uliweza kufanya, ulilifanya juu ya malale: ulihamisha watu, ulipofusha macho, uliazima maarifa bila kuyataja, ukatumia miili ya watu kama vyombo vya kupimia. Na uligundua mambo ya kweli. Hapo ndipo ugumu wake ulipo, na ndiyo maana nataka kuisimulia taratibu.

Tuanze kabla ya Mzungu wa kwanza mwenye hadubini. Wakonongo, Wabende na Wapimbwe wa misitu hii hawakuwa wafugaji wakubwa wa ng'ombe, na sababu mojawapo ni ndorobo, anayewaua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana. Waliishi kwa kulima, kuwinda, kurina asali na kuvua, na makazi yao yaliwekwa kwa kuzingatia msitu. Pori lilichomwa kwa majira. Mashamba yaliuweka wazi ukingo wa kijiji. Wanyama waliwindwa wasizoee kusogea. Hakuna aliyeuita mpangilio huu utafiti, lakini ulitokana na kutazama kwa vizazi, na ulifanya kazi kwa kadiri yake.

Kisha ikaja miaka mibaya. Sotoka, tauni ya ng'ombe, iliingia kutoka Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1891 ilikuwa imefagia mifugo ya Afrika Mashariki hata jamii nyingi zikabaki na ng'ombe mmoja kwa kila kumi, au pungufu. Nyati na swala walikufa pia. Ng'ombe walipotoweka, malisho yaligeuka vichaka. Wanyama wa porini waliporudi, na walirudi haraka kuliko ng'ombe, walikuta vichaka vinawasubiri, na ndorobo wakafuata. Juu ya hayo zikaja ndui, funza, njaa, Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, kisha Vita Kuu ya 1914 iliyowabeba wanaume kuwa wapagazi na kuviacha vijiji na wazee na watoto. Vijiji vilivyopungua watu vilishindwa kulizuia pori.

Mtu aliyeieleza hoja hii kwa kirefu alikuwa John Ford, mtaalamu wa Kiingereza aliyefanya kazi ya mbung'o kwa miaka mingi na kutoa kitabu chake mwaka 1971. Hoja yake ilikuwa nzito kwa sababu ilitoka ndani ya idara yenyewe: Waafrika walikuwa na njia zao za kuishi na ugonjwa huu, na ukoloni ulizivunja kabla ya kujua zipo. Helge Kjekshus, Mnorwei aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliisogeza mbele hoja hiyo mwaka 1977. Nadhani Kjekshus alizidisha chumvi. Aliichora Tanganyika ya kabla ya 1890 kama bustani, na haikuwa bustani. Vita vya mtemi Mirambo na misafara ya watumwa vilikuwa vimeshapita Unyamwezi na kuacha majivu. Lakini kiini cha hoja hakijaanguka: malale ya karne ya ishirini yalikuwa matokeo ya nchi iliyovurugwa.

Tetesi za ugonjwa huo zilianzia ziwa kubwa la kaskazini, Viktoria. Mwaka 1901 madaktari wa misheni wa Mengo, ndugu Albert na Jack Cook, waliona wagonjwa wa kwanza, na kwa miaka michache iliyofuata ufuo wa Uganda na visiwa vyake ulipoteza watu zaidi ya laki mbili. London ikatuma wataalamu. Berlin ikamtuma mtu mwenye jina kuliko wote: Robert Koch, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1905 na aliyefika Visiwa vya Ssese mwaka 1906.

Waganda waliuita ugonjwa mongota. Walikuja kwenye kambi ya Koch kwa mamia, na walikuja kwa hiari, kwa sababu walikuwa na wagonjwa na kuna mtu alisema ana dawa. Dawa yenyewe ilikuwa Atoxyl, mchanganyiko wa aseniki. Mwanzoni iliwainua watu: uvimbe wa tezi ulipungua, wagonjwa wakatembea. Kisha ugonjwa ukarudi. Koch akaongeza dozi, na wagonjwa zaidi ya ishirini wakapofuka macho, wasione tena. Hapo dozi kubwa ikasitishwa. Watu wakaanza kuondoka kambini, na taarifa za madaktari zikalalamika kwamba Waafrika hawana uvumilivu wa matibabu. Mimi naona walikuwa na akili timamu. Waliijaribu dawa, wakaona inavyowatenda, wakafanya uamuzi.

Koch alipendekeza pia wagonjwa watengwe katika kambi. Kambi zikafunguliwa upande wa Kijerumani wa Ziwa Viktoria na kwenye Ziwa Tanganyika. Askari na wasaidizi wa madaktari walipita vijijini wakibonyeza shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba. Anayepatikana nazo alichukuliwa. Watu walijificha, kama mtu yeyote angejificha.

Atoxyl haikupotea bure, kwa Ulaya angalau. Paul Ehrlich aliuchunguza muundo wake huko Frankfurt, akaendelea kuubadilisha, na mwaka 1910 akatoa Salvarsan, dawa ya kaswende iliyompa umaarufu. Njia ya kwenda kwenye dawa iliyookoa wagonjwa wa Ulaya ilipita pia Ssese, penye watu waliobaki vipofu.

Jambo la pili la Wajerumani lina uchungu wake. Mwaka 1909 Friedrich Karl Kleine, aliyekuwa msaidizi wa Koch, alithibitisha huku Afrika Mashariki kwamba kimelea hakibebwi tu mdomoni mwa ndorobo kama tope kwenye kiatu. Hukua ndani ya mdudu kwa wiki kadhaa kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Huu ni ugunduzi mkubwa na wa kweli. Kisha Ujerumani ikashindwa vitani na kunyang'anywa makoloni, na kampuni ya Bayer ikatoka na dawa mpya, Bayer 205, ambayo baadaye waliiita Germanin. Muundo wake ulifanywa siri. Kukawa na Wajerumani waliopendekeza waziwazi kwamba siri hiyo itumike kudai makoloni yarudishwe: dawa kwa ardhi. Mfaransa Ernest Fourneau aliivunja siri hiyo mwaka 1924 kwa kuugundua muundo mwenyewe. Dawa hiyo, suramini, bado inatumika kutibu hatua ya kwanza ya malale yetu, zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Wakati hayo yakitendeka kulikuwa na daktari mwingine katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Katavi. Alikaa Karema, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, na jina lake lilikuwa Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa utotoni akauzwa, na Mapadre Weupe walimkomboa, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Alifika Karema mwaka 1889 kama daktari na katekista. Akaoa binti wa Kibende, akajifunza lugha za ufuo, akatibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka sitini na saba katika kituo kimoja. Ngoja niiseme tena ili msomaji aipime: Koch alikaa Ssese chini ya miaka miwili.

Sijui mtu yeyote katika Tanganyika ya wakati huo aliyekuwa na nafasi bora ya kuelewa magonjwa ya ufuo huo: Mwafrika aliyesomea utabibu wa Kizungu, mume wa Mbende, mtu aliyewajua wagonjwa wake, watoto wao na wajukuu wao. Historia ya tiba ya kitropiki imemweka pembeni, kwenye sura za historia ya misheni. Simulizi ya maisha yake ilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Ukumbuke mwaka huo, tutaurudia.

Waingereza walichukua Tanganyika baada ya vita, na mwaka 1922 malale ya aina kali yakagunduliwa Maswa. Baadaye yakaonekana Tabora, Kahama, Ufipa, na katika misitu ambayo baadaye ingeitwa wilaya ya Mpanda. Serikali ilikuwa na watu wawili wa kuyakabili, na kila mmoja alikuwa na wazo lake.

Wa kwanza alikuwa Charles Swynnerton. Alikuwa mkulima na mpenzi wa viumbe huko Rhodesia ya Kusini kabla ya kuja huku kuwa mkuu wa wanyamapori, na baadaye mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o huko Shinyanga. Mwaka 1921 alichapisha uchunguzi wake wa Mossurise, Msumbiji. Wazee wa huko walimweleza kwamba mfalme wa dola ya huko ya Gaza, Mzila, aliwahi kuiweka nchi yenye mbung'o chini ya makazi ya watu wengi waliokaa pamoja, pori likasafishwa, na mbung'o akatoweka. Watu walipotawanyika, mbung'o akarudi. Swynnerton aliwasikiliza, na lazima apewe haki yake: aliandika kwamba amejifunza kwao. Huko Shinyanga alitumia wazo lilelile, maelfu ya Wasukuma wakitoka na mapanga na mashoka kila mwaka kukata vichaka kwa kuitwa na watemi wao. Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Spishi ya ndorobo imepewa jina lake, Glossina swynnertoni. Hakuna spishi iliyopewa jina la Mzila.

Wa pili alikuwa daktari George Maclean, afisa wa malale. Wazo lake lilikuwa kuwakusanya watu waliotawanyika msituni na kuwaweka katika makazi makubwa, familia elfu moja hivi kwa kila moja, ili wingi wao na mashamba yao umsukume ndorobo mbali. Ukilitazama vizuri utaona ni wazo la Mzila tena, ila safari hii lilikuja na amri ya Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, muda wa kuhama, na kuchomwa kwa nyumba zilizoachwa. Tangu katikati ya miaka ya 1920 makumi ya maelfu ya watu wa magharibi mwa Tanganyika walihamishwa namna hiyo. Wakonongo na Wabende waliokuwa wameenea msituni wakavutwa kando ya barabara.

Je, ilisaidia? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Mgonjwa aliyekuwa kando ya barabara alionekana na kutibiwa. Lakini udongo wa miombo ni hafifu. Unalimwa miaka michache, kisha unataka kupumzishwa, na mtu aliyewekwa na familia mia tisa tisini na tisa nyingine hana pa kuhamia. Mihogo ikapungua ukubwa. Watu wakarudi msituni kufuata asali, samaki na makaburi ya wazee wao, wakaumwa na ndorobo huko huko, wakarudi na ugonjwa makazini. Mwaka 1943 Harold Fairbairn, aliyekuja kuwa afisa wa malale, aliandika makala nzima juu ya matatizo ya kilimo katika makazi hayo. Hao waliohamishwa walikuwa wameliona tatizo hilo tangu mavuno ya mwaka wa tatu.

Matokeo mengine hayakuandikwa katika taarifa za afya. Nchi iliyohamwa iliitwa pori, na pori likawa hifadhi. Kusini mashariki, katika Selous, hilo lilifanyika waziwazi kabisa: miaka ya 1940 watu wa Liwale waliondolewa kwa sababu za malale na tembo, na nchi yao ikaingizwa katika hifadhi ya wanyama. Huku Mpanda misitu mitupu ikaonekana kama nafasi ya bure inayosubiri mipango. Madini ya risasi yalipopatikana Mpanda, serikali na kampuni ya mgodi zilijenga reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, iliyofika mwaka 1950, na mji ukazaliwa karibu na mgodi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960; reli na mji vikabaki. Wakimbizi wa Burundi walipokuja, waliwekwa katika misitu hiyohiyo ya ndorobo: Katumba mwaka 1973, Mishamo mwaka 1978. Na Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ilipowaamuru watu kukaa pamoja kando ya barabara, wazee wengi wa magharibi walikuwa wameshaisikia amri hiyo mara moja katika ujana wao.

Sasa turudi mwaka 1946.

Tinde iko Shinyanga, njia panda ambayo dereva yeyote wa lori aendaye Kahama au Nzega anaijua. Hapo palikuwa na maabara ndogo ya malale. Swali lililowasumbua wanasayansi lilikuwa hili: kimelea kinachomuua mtu kinaweza kukaa miaka ndani ya swala na wanyama wengine bila kupoteza uwezo wa kumwambukiza mtu? Ni swali muhimu. Likijibiwa ndiyo, basi msitu wenyewe ni ghala la ugonjwa, na kuwatibu watu peke yao hakutaumaliza.

Ugumu ulikuwa kwamba kimelea kinachoambukiza watu na kile kinachoambukiza wanyama tu vilikuwa havitofautiani chini ya hadubini hata kidogo. Njia pekee waliyoijua ya kuvitofautisha ilikuwa kumpa binadamu na kungoja. Wakati wa Vita Kuu daktari wa jeshi la Kijerumani, Max Taute, alikuwa ameshalifanya jambo hilo: alijichoma mwenyewe na kuwachoma Waafrika zaidi ya mia moja damu yenye vimelea vya wanyama. Hakuna aliyeugua. Waafrika hao walikuwa chini ya amri ya kijeshi, katikati ya vita.

Huko Tinde kazi ilianza mwaka 1934, chini ya daktari J. F. Corson. Kimelea kilichukuliwa kwa mgonjwa mmoja, kikapitishwa kwa ndorobo hadi kwa kondoo na swala, kutoka mnyama hadi mnyama, mwaka baada ya mwaka. Na kila baada ya muda ndorobo walioambukizwa waliwekwa kwenye mkono wa Mwafrika ili waonekane kama bado wanaweza kumpa binadamu malale. Waliweza. Kazi hiyo iliendelea zaidi ya miaka kumi na mitano. Mwaka 1946, mwaka uleule wa simulizi ya Atiman, Fairbairn na Burtt walichapisha matokeo muhimu kuliko yote: ili mtu aambukizwe anahitaji kupokea vimelea karibu mia tatu hadi mia nne na hamsini kwa mara moja. Walikijua kipimo hicho kwa sababu waliwahesabia watu.

Watu wale waliitwa wa kujitolea. Walipewa malipo, na walipougua walitibiwa. Sitaki kuwasingizia madaktari wa Tinde ukatili ambao sina ushahidi nao. Lakini neno kujitolea lina uzito, na naomba tulipime katika Tanganyika ya 1940: mtu anayedaiwa kodi na serikali, anayeombwa na daktari wa serikali hiyohiyo, mbele ya karani wa serikali hiyohiyo, akubali kuumwa na mdudu mwenye ugonjwa unaoua. Anaelezwa kwa lugha gani? Akikataa, kesho atapita wapi? Makala ya 1946 ina majina mawili kichwani. Waliotoa mikono yao hawamo.

Mwezi Desemba wa mwaka huohuo kesi ya madaktari wa Kinazi ilifunguliwa Nuremberg, na hukumu ya mwaka uliofuata ikaweka sharti la kwanza la kila utafiti juu ya binadamu: ridhaa ya hiari ya mtu mwenyewe. Sharti hilo lilichelewa kufika huku. Mwaka 1958 watafiti wa Kenya walipompata pongo mwenye kimelea karibu na Ziwa Viktoria, walithibitisha kuwa ni cha binadamu kwa kukiingiza tena kwa mtu wa kujitolea.

Lililokuja kubadilisha mambo halikuwa hotuba ya mtu. Mwaka 1970 Rickman na Robson, katika taasisi ya malale ya Afrika Mashariki iliyokuwa Tororo, Uganda, walionyesha kwamba kimelea kinaweza kuchanganywa na damu ya binadamu ndani ya chupa, kikaachwa kwa saa kadhaa, kisha kikapewa panya. Kikiwa cha wanyama tu, damu ya mtu hukiua. Kikiwa cha malale, hubaki hai na panya huugua. Swali lililopita katika mikono ya watu wa Tinde kwa miaka yote ile likawa na jibu ndani ya kichupa. Najiuliza mara nyingi kwa nini jaribio hilo, rahisi hivyo, halikufikiriwa mwaka 1934. Jibu ninaloliamini ni kwamba hakuna aliyelazimika kulifikiria. Mikono ilikuwepo.

Kufikia hapo Waafrika walikuwa wameingia katika kazi yenyewe. Mwaka 1966 Mkenya R. J. Onyango aliongoza makala ya uchunguzi wa Alego, Kenya, iliyoonyesha kwamba ng'ombe wa nyumbani pia huweka kimelea hicho. Hilo lilikuwa na maana kubwa kwa wafugaji kuliko swala wote wa Tinde. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na maabara ya Tororo na kumbukumbu zake zikabaki ng'ambo ya mpaka. Tanzania ilianzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kwa sheria ya 1979, Wen Kilama akawa mkurugenzi wake mkuu wa kwanza, na kituo cha Tabora kikabeba jukumu la malale ya magharibi.

Vimelea vyenyewe viliendelea kusafiri. Vilihifadhiwa katika baridi kali, vikapewa namba za Tororo, vikagawiwa maabara za dunia. Mwaka 2005 jenomu nzima ya kimelea cha jamii hii ilichapishwa kwa kazi iliyoongozwa na taasisi za Uingereza na Marekani. Kimelea kilichosomwa kilitoka kwa ndorobo aliyekamatwa Kiboko, Kenya, karibu mwaka 1970. Ni kazi kubwa ya sayansi, na kila mtu anaweza kuisoma bure. Ila mtoto wa shule ya Kiboko hana habari kwamba kijiji chake kimo humo.

Kwa mgonjwa, miaka yote hiyo, dawa ya hatua ya pili ya malale yetu ilibaki melasoproli, ya 1949. Nayo ni aseniki. Huchomwa kwenye mshipa, huunguza inapopita, na huua karibu mgonjwa mmoja katika kila ishirini wanaotibiwa nayo. Muuguzi aliwahi kulazimika kumchoma mtu akijua hilo, na mtu kukubali akijua hilo. Dawa bora ilikuwa imelala kwenye kabati: feksinidazoli, iliyochunguzwa na kampuni ya Kijerumani Hoechst tangu miaka ya 1970, ikawekwa pembeni kwa kuwa waliohitaji hawakuwa na fedha. Shirika lisilo la faida la DNDi liliifufua mwaka 2005. Majaribio kwa malale ya aina yetu yalifanywa Rumphi, Malawi, na Lwala, Uganda, na madaktari wa hospitali za huko, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaiweka katika mwongozo wake. Ni vidonge. Siku kumi, pamoja na chakula. Hakuna sindano, hakuna aseniki.

Nikifikiria kuondoa ukoloni katika utafiti, nafikiria jaribio hilo la Rumphi na Lwala kuliko azimio lolote lililopitishwa mkutanoni. Swali lake lilikuwa la mgonjwa: nawezaje kupona bila kufa kwa dawa? Swali la Tinde lilikuwa la swala. Yote mawili yalihitaji kuulizwa, lakini la pili lilitangulia kwa zaidi ya miaka themanini.

Vidonge haviwezi kumfikia mtu asiyejulikana kuwa anaumwa, na hapo ndipo tulipo sasa. Wagonjwa wa malale ni wachache siku hizi, na uchache huo una hatari yake: muuguzi kijana anaweza kumaliza miaka yake ya kazi bila kumwona hata mmoja. Mrina asali anarudi kutoka misitu ya Mlele na homa. Anaweza kuogopa kusema alikuwa wapi, kwa sababu alikokuwa ni hifadhi na hakuwa na kibali. Anafika zahanati kwa baiskeli ya jirani. Anatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha haraka cha malaria, wanangoja dakika kumi na tano. Mstari mmoja tu unatokea. Si malaria. Muuguzi anaweza kumpa panado na kumwita mwingine. Au anaweza kuvuta kiti chake karibu, akashusha sauti ili waliokaa kwenye benchi wasisikie, akamuuliza: "Kaka, ulilala pori gani? Ndorobo walikuwepo?"